Nguvu Isiyokodishwa

Mhadhara kwa vijana, wazazi na walimu wa Kasaji, jimbo la Lualaba



Nimeombwa nizungumze juu ya mazoezi ya viungo. Nitayazungumza, lakini nitawataja na marehemu wetu, kwa sababu ninaamini kwamba katika nchi hii mambo hayo mawili yanapaswa kukaa pamoja: jasho la vijana, na majina ya watu waliokataa dhuluma.

Mwishoni mwa mwaka 2025 dunia ilimwona Mkongomani mmoja akifanya zoezi ambalo halimo katika kitabu cha kocha yeyote. Michel Kuka Mboladinga alikwenda Morocco kuishangilia timu yetu ya taifa kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika. Mashabiki wenzake waliimba na kucheza. Yeye aliinua mkono wa kulia, akasimama bila kutikisika tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, amevaa suti na miwani, nywele zimegawanywa kama za Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, kwenye sanamu yake ya Limete, Kinshasa. Alisimama hivyo tulipocheza na Benin, na Senegal, na Botswana. Tulipocheza na Algeria, Januari 2026, mechi ikaingia muda wa nyongeza, naye akaendelea kusimama mpaka bao la dakika za mwisho kabisa lilipotutoa mashindanoni. Mchezaji mmoja wa Algeria alimwigiza kwa kejeli, kisha akaomba radhi.

Ukitaka kujua mtu yule alifanya nini, inua mkono wako ukae nao juu kwa dakika 10 tu. Bega litawaka, vidole vitakufa ganzi, kiuno kitakuomba ukae chini. Watoto wengi wa Afrika waliuliza Lumumba ni nani kwa sababu ya bega la mtu mmoja. Hakutoa hotuba wala hakugawa karatasi. Aliutoa mwili wake kwa muda, kwa hiari yake, kwa ajili ya mtu aliyeuawa kabla yeye hajazaliwa.

Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo. Kijana anayejenga misuli bila kujua anaijenga kwa ajili ya nani, mtu mwingine atakuja kumchagulia. Na katika nchi yetu, mtu huyo mwingine hajawahi kuchelewa.

Historia ya ukanda huu wa shaba ni historia ya wengine kutafuta nguvu zetu. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906 haikukosa shaba, ilikosa mikono. Mawakala wake walizunguka vijijini, machifu wakabanwa watoe vijana, na waliopatikana wakapimwa na kuandikishwa. Reli inayopita hapa Kasaji kuelekea Dilolo, iliyoungana na ile ya Benguela mwaka 1931, ililazwa juu ya migongo ya watu kama hao. Aliyelegea alikijua kiboko. Mwili wa babu zetu ulihesabiwa katika daftari la kampuni kama vile makaa ya mawe yalivyohesabiwa.

Uhuru ulikuja, na Rais Mobutu naye akaitaka miili yetu. Wazee mliomo humu mnakumbuka Salongo, kazi ya lazima iliyoitwa ya kujitolea. Mnakumbuka na animasioni ya kisiasa, baada ya safari zake za China na Korea Kaskazini katika miaka ya 1970: walimu, makarani na wanafunzi wakipangwa mistari, wakiruka na kupiga makofi kulisifu jina la mtu mmoja. Hayo nayo yalikuwa mazoezi ya pamoja. Yalikuwa na mdundo, sare na jasho. Kilichokosekana ni ruhusa ya kukataa.

Kisha ikaja miaka ya 1992 na 1993, na hapa naomba tusikilizane kwa upole, kwa sababu ni kidonda cha jimbo letu lenyewe. Vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama cha UFERI, waliambiwa kwamba adui yao ni jirani aliyetoka Kasai. Likasi, kisha Kolwezi, familia zilizozaa na kuzika hapa zilifukuzwa majumbani. Zilirundikana stesheni zikingoja treni kwa majuma na majuma, na wengi, hasa watoto, walikufa kwa njaa na magonjwa. Waliowafukuza walikuwa vijana wenye afya na mikono imara. Nguvu walikuwa nayo. Wasichokuwa nacho ni jina la mtu hata mmoja aliyewahi kukataa amri mbaya, jina ambalo lingewajia akilini walipokuwa wakisukuma mlango wa jirani.

Na leo? Angalieni jimu zetu za chini ya mti, pale vijana wanaponyanyua ekseli za magari na mikebe iliyojazwa saruji. Uchaguzi ukikaribia, wapo wakubwa wanaotafuta mapomba, yaani vijana wa misuli, wa kuvunja mkutano wa mpinzani. Dola chache, chupa chache, na misuli iliyojengwa kwa mwaka mzima inatumika mchana mmoja kumpiga mwalimu aliyeshika bango. Tumezoea kusema mwenye nguvu mpishe. Mimi nasema mwenye nguvu tumfundishe, kabla hajafika njia panda.

Tutamfundisha kwa mfano wa nani? Tuanze na mtu wa shaba, mtu wa kwetu.

Disemba 1941 Ulaya ilikuwa vitani, Ubelgiji imekaliwa na Wajerumani, na shaba ya Katanga ilihitajiwa na majeshi ya Washirika. Kazi migodini iliongezeka, bei za madukani zikapanda, mshahara wa Mwafrika ukabaki nyuma. Mgomo ulishika sehemu kadhaa za migodi na viwanda vya Union Minière, Likasi na Lubumbashi zikiwemo. Wagomaji wa Lubumbashi walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi, karani, mtu aliyejua kusoma na kuandika, ambaye angeweza kuishi kwa kutumia kalamu yake bila kugusana na shida za wachimbaji. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika mwenyewe kuwataka watawanyike. Mpoyi alikataa kuwarudisha wenzake kazini mikono mitupu. Alipigwa risasi, na askari wakaufyatulia umati. Makumi ya wafanyakazi walikufa. Hesabu ya serikali na hesabu ya familia hazijawahi kulingana.

Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alipoisimulia historia ya nchi kwa brashi katika miaka ya 1970, aliwachora mashahidi hao wa Union Minière pamoja na Lumumba na wengineo. Alitumia alichokuwa nacho: rangi na turubai ya magunia ya unga. Alijua kwamba watu wasipojiandikia wafu wao wenyewe, kampuni itawaandikia, na katika daftari la kampuni mgomaji ni mtoro.

Nataka mzingatie mahali. Mpoyi aliuawa uwanjani, palepale watu wanapochezea mpira. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba uwanja wa michezo si mahali pa kuwakumbuka. Damu yao ndiyo iliyotangulia kuuweka wakfu.

Wala wazo la kuwakumbuka watu kwa mazoezi si geni duniani. Marekani, jimu nyingi zina mazoezi yaliyopewa majina ya askari waliokufa vitani. Linalojulikana zaidi linamkumbuka Michael Murphy, mwanamaji aliyeuawa Afghanistan tarehe 28 Juni 2005: mbio za maili 1, kujivuta kwenye chuma mara 100, pushapu 200, kuchuchumaa na kuinuka mara 300, kisha maili 1 tena, na wengine huvaa fulana yenye uzito. Kila mwisho wa Mei watu wengi hulifanya. Huko huko Marekani, kijana mweusi Ahmaud Arbery aliuawa tarehe 23 Februari 2020 akiwa anakimbia mtaani, baada ya watu weupe kumfukuza kwa magari. Mwezi Mei watu wa miji mbalimbali walikimbia maili 2.23, kwa kufuata tarehe aliyouawa, wakidai kesi isizikwe. Waliomuua walikuja kutiwa hatiani. Mbio pekee hazikuleta hukumu hiyo, ila ziliwazuia watu kusahau wakati mahakama ilipokuwa bado inasuasua.

Karibu zaidi nasi, Songea nchini Tanzania, mahali ambapo Wajerumani waliwanyonga makumi ya viongozi na wapiganaji wa vita vya Majimaji tarehe 27 Februari 1906, kumekuwa na tamasha liitwalo Majimaji Selebuka, ambamo wakimbiaji na waendesha baiskeli hushindana na wanafunzi hufanya midahalo. Mtoto anayekimbia pale hujifunza jina la Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa, akiwa anahema. Jina lililoingia kwa njia ya pumzi halitoki upesi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Zoezi la kumbukumbu likiwa na jina la shujaa tu, na sura yake haifanani hata kidogo na alichotenda, litabaki kuwa bango. Napendekeza kila zoezi lijengwe kwa kufuata tendo la mtu anayekumbukwa. Nitatoa manne, yote yanaweza kufanyika kwenye uwanja wa Kasaji bila kununua kifaa.

La kwanza ni la Mpoyi, mwezi Disemba. Watu wanapangwa safu za watu 12. Raundi ni 4. Kila raundi ina pushapu 12, kuchuchumaa na kuinuka mara 12, na mbio za kwenda goli la pili na kurudi. Hakuna kushindana: safu huondoka pamoja na hupumzika pamoja, na mwendo ni wa yule aliye mzito kuliko wote. Raundi ya tatu ikiwa katikati, kocha anapaza sauti, "Endeleeni!" na watu wote wanakaa chini. Anarudia amri mara ya pili, na hakuna anayeinuka. Katika kimya hicho kijana mmoja anasimulia yaliyotokea mwaka 1941. Kisha wenyewe, bila kuamriwa, wanainuka na kumalizia raundi ya tatu na ya nne. Nataka mtoto wa miaka 14 aonje mara moja kwa mwaka jinsi inavyokuwa kukataa kwa pamoja. Siku moja atahitaji kumbukumbu hiyo mwilini mwake.

La pili ni la Floribert Bwana Chui, mtoto wa Goma. Alizaliwa mwaka 1981 na alifanya kazi katika Ofisi ya Udhibiti ya Kongo, mpakani. Alitakiwa apokee fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie nchini. Alikataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri, huko Roma. Zoezi lake linafaa tarehe 8 Julai: mfuko wa unga wa kilo 25, na kilo 1 ya maharagwe juu yake, jumla kilo 26. Unapitishwa kutoka mtu hadi mtu, kutoka goli hadi goli, na haugusi ardhi. Wasioweza kuubeba peke yao wanaubeba wawili, wazee wanaubariki kwa mikono. Mwishoni unga huo, mzima na safi, unapelekwa kwa wagonjwa hospitalini. Mama zetu, ambao kila siku hubeba bidoni ya lita 20 kutoka kisimani, watatuonyesha vijana namna ya kubeba bila kuvunja mgongo.

La tatu ni la Lumumba, tarehe 17 Januari. Aliuawa mwaka 1961 pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, huko Shilatembo, kwenye barabara ya Lubumbashi na Likasi. Alikuwa na miaka 35. Watu 35 wanapokezana, kila mmoja anasimama dakika 1 mkono wa kulia ukiwa juu, na mkono wa mmoja haushuki kabla wa mwingine haujapanda. Dakika 35 bila pengo.

Nawaona wazee wanaotikisa kichwa, na wana haki. Tuko Lualaba. Moïse Tshombe, aliyeongoza Katanga ilipojitenga, alizaliwa Musumba, nchi ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, si mbali sana nasi. Zimo familia humu ambazo babu zao walivaa sare ya Katanga, na wengine walirudi kutoka Angola mwezi Machi 1977 na kuiteka Kasaji hii hii katika Vita vya Siku 80. Yapo makaburi ya pande zote. Na Lumumba mwenyewe hakuwa malaika: Agosti 1960 jeshi lililotumwa na serikali yake liliua raia wengi Bakwanga, ambayo leo ni Mbuji-Mayi. Sitaki kijana ayafiche hayo. Ndiyo maana nasema orodha ya majina isitoke juu, isiletwe na mkuu wa chama wala na mimi. Ikae mbele ya watu, na kila jina lipimwe kwa swali moja: je, katika tendo hili tunalolikumbuka, mtu huyu alisimama kati ya mnyonge na mwenye nguvu, na akalipa gharama mwenyewe? Tunakumbuka tendo. Hatumtawazi mtu. Anayeona jina fulani linamchoma, asifanye zoezi hilo, na asiulizwe. Tukimlazimisha, tumerudi kwenye animasioni.

La nne halina jina, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1992 na 1993, wakati wengine walipokuwa wakifukuza, wapo waliofungua milango. Walificha watoto wa jirani chini ya kitanda, waliwapelekea uji waliokwama stesheni, waliitwa wasaliti na watu wa kabila lao wenyewe. Zoezi lao ni kubebana. Watu wanapangwa wawili wawili, na sharti ni hili: mwenzako asiwe wa lugha ya nyumbani kwenu. Mchokwe ambebe Mluba, Mluba ambebe Mlunda, Mndembu ambebe Mluena. Unambeba mgongoni kutoka stesheni hadi uwanjani, mnapokezana kila mnapochoka. Mzito atambeba mwepesi mbali, mwepesi atambeba mzito hatua chache, na wote watafika. Kijana ambaye amewahi kuhisi moyo wa jirani ukidunda mgongoni kwake, siku atakapoambiwa kwamba jirani huyo ni adui, mgongo wake utakuwa na la kujibu.

Yapo maswali mawili ya haki ambayo sitaki kuyaruka.

Mtu aliyeshinda shimoni anachimba, au mama aliyeosha mawe ya madini mtoni tangu asubuhi, ana haja gani ya mazoezi? Namheshimu anayeuliza hivyo. Mwili uliobeba magunia mchana kutwa hauhitaji gunia jingine jioni. Unahitaji kunyooshwa, kupumua, kutembea bila mzigo, kukaa na wenzake. Kwa hiyo kwenye kila zoezi nililolitaja pawe na nafasi ya kunyoosha viungo na kusikiliza hadithi, na nafasi hiyo ihesabiwe sawa na pushapu.

La pili: je, tutakimbia uwanjani kwa ajili ya waliokufa zamani, na huku dhuluma ya leo inaendelea? Tarehe 27 Juni 2019 zaidi ya wachimbaji wadogo 40 walifukiwa katika mgodi wa KOV, Kolwezi. Walikuwa vijana wenye nguvu kama ninyi. Zoezi linaloishia kwenye jasho, likarudi nyumbani kuoga, limemdanganya Mpoyi. Ndiyo maana kila baada ya zoezi tukae robo saa tujiulize: ni nani hapa Kasaji anayeonewa juma hili? Ni mjane aliyenyang'anywa shamba? Ni mtoto aliyeachishwa shule apelekwe machimboni? Kisha tuchague jambo moja tunaloliweza. Tunaye mfano wa karibu. Sista Catherine Mutindi, mtawa kutoka Kenya, alianzisha Bon Pasteur huko Kolwezi mwaka 2012. Ametoa watoto migodini na kuwaweka darasani, amewasaidia wanawake kupata riziki nyingine, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Opus mwaka 2019. Hakusubiri mashimo yote yafungwe. Alianza na watoto waliokuwa mbele yake.

Nanyi viongozi wa cité, msituogope. Mazoezi haya yatafanyika mchana, mahali pa wazi, bila bendera ya chama chochote, bila fedha ya mgombea yeyote. Atakayeleta fulana zenye picha yake tutazirudisha zikiwa zimekunjwa vizuri. Njoni mfanye nasi. Askari polisi aliyekaa chini pamoja nasi katika raundi ya tatu ya Mpoyi atafikiri mara mbili siku atakapoamriwa kupiga umati.

Wadogo zangu, jengeni miili yenu. Kimbieni, nyanyueni, rukeni kamba, wasichana kwa wavulana. Ninapenda kuwaona mkiwa imara, kwa sababu watu wanyonge wanahitaji watoto imara. Lakini kabla ya mwezi huu kwisha, kila mmoja wenu aende kwa babu au bibi mmoja akamuulize swali moja: hapa kwetu, nani alikataa? Nani alikataa kupiga, kuiba, kufukuza, kusaini? Andikeni jina, tendo na mwaka. Mkiwa na majina 12 yaliyothibitishwa na watu zaidi ya mmoja, tutakuwa na zoezi la kila mwezi, lililotoka Kasaji, kwa ajili ya watu wa Kasaji. Na mwenye gari zuri akija kuulizia bei ya mikono yenu, mwambieni ina wenyewe tayari, kisha mtajieni majina yao, mmoja mmoja.